Ua la Altareni na Paka wa Mwalimu Apolonia

Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Naukumbuka muda huo kwa sababu redio ilikuwa imemaliza matangazo ya vifo, na mume wangu Remigi alikuwa amenyoosha mkono kuizima. Hapo ndipo gari dogo la kijivu liliposimama mbele ya kitalu chetu cha maua. Akashuka mama mmoja mgeni, akiwa na swali ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuna mteja aliyewahi kutuuliza.

Naandika haya taratibu. Juzi mume wangu ametimiza siku arobaini kaburini, na mkono wangu bado haujazoea kuandika neno marehemu mbele ya jina lake. Shule nilisoma hadi darasa la saba. Hadithi nyingi tunazotumiana kwenye simu zina mfalme ndani yake. Hii haina mfalme, ina muuza maua. Isome hadi mwisho, na ukiona ina faida mtumie mwenzako, hasa mwenye paka nyumbani.

Kitalu chetu kiko kando ya barabara ya lami, chini kidogo ya Kibosho. Maua ya nje tunayaweka juani. Ya ndani yanakaa kivulini, chini ya neti nyeusi. Yule mama alipita moja kwa moja hadi kivulini, akasimama mbele ya chungu chenye ua jeupe, lile lenye umbo la tarumbeta na vumbi la njano katikati, linalonukia. Wengine huliita yungiyungi. Sisi tulizoea kuliita ua la Pasaka.

"Hili zuri," akasema. "Ni la ndani?"

"La ndani kabisa, mama," Remigi akajibu. "Halitaki jua kali. Utalimwagilia mara mbili kwa wiki, basi."

"Nina paka wawili na mbwa mmoja, na wote sebuleni ni kwao. Hili ni salama kwao?"

Mimi nilikuwa najaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kupandia miche. Nilisubiri Remigi ajibu kama wauza maua wote wa barabara ile wanavyojibu. Linavumilia baridi? Halina shida. Litafika Dodoma likiwa hai? Halina shida. Ndivyo tulivyojibu kila kitu, kwa sababu mteja akisikia neno "sijui" anavuka barabara kwenda kwa jirani.

Remigi alikigeuza kile chungu, akakitazama.

"Mama, sijui," akasema.

"Hujui? Si wewe unayeuza?"

"Nauza. Ila sijawahi kuulizwa, na mimi mwenyewe sijawahi kuuliza. Nipe dakika tano nimpigie daktari wa mifugo."

Yule mama akacheka. "Haya baba, piga. Leo nimekutana na muuza maua wa aina yake."

Daktari Mlay ndiye aliyekuwa akituhudumia ng'ombe wetu. Remigi akampigia, akaweka sauti ya nje ili mteja asikie.

"Remigi! Ng'ombe amezaa?"

"Bado, daktari. Leo nauliza habari za ua."

"Ua? Mimi nilisomea ng'ombe, bwana. Ua muulize mama watoto!"

Remigi akamweleza lilivyo. Jeupe, tarumbeta, vumbi la njano, lile la kanisani wakati wa Pasaka. Upande wa pili daktari akaacha utani.

"Remigi, hilo kwa paka ni sumu. Tena sumu kali."

"Na mbwa je?"

"Mbwa akilitafuna atatapika, pengine ataharisha, kesho yake utamsikia anabweka kama kawaida. Paka ni jambo jingine. Figo zake haziliwezi. Jani, petali, hata yale maji ya chombo akiyanywa. Hata lile vumbi likimdondokea manyoyani akajilamba, inatosha. Ataanza kutapika na kutoa mate, atakataa chakula, atakunywa maji mno. Baadaye utadhani amepata nafuu. Kisha anaacha kukojoa, na hapo huna tena paka. Akiletwa saa zile za mwanzo kabisa naweza kuhangaika naye. Akicheleweshwa, basi."

Remigi akamuuliza na maua mengine matatu yaliyokuwa pale mbele yetu. Akashukuru, akakata simu. Akamwambia yule mama, "Hilo usichukue. Chukua hili lenye majani membamba kama nyasi, lenye mstari mweupe katikati. Daktari anasema hata wakilitafuna, si paka si mbwa, haliwadhuru."

Yule mama alichukua mawili, akaondoka. Hatukumwona tena.

Remigi aligeuza ndoo, akaketi juu yake. Alikaa muda mrefu akiliangalia lile ua jeupe.

"Mama Sabas," akaniita.

"Abee."

"Hivi Shemasi alikufaje?"

Nikajua anawaza nini.

Hapa nikueleze. Shemasi alikuwa paka wa Mwalimu Apolonia. Alikuwa mweusi, na mstari mweupe ulimkatiza kifuani kutoka begani hadi ubavuni, kama shemasi wa kanisani aliyevaa stola, ule mshipi mrefu wa ibada. Ndiyo maana akapewa jina hilo, hata paroko alicheka alipomwona. Mwalimu Apolonia aliwafundisha karibu watu wote wa kijiji chetu kusoma. Alikuwa amestaafu, mumewe amefariki, na watoto wake wanaishi mbali. Paka yule alilalia kiti cha marehemu mumewe. Mwalimu alikuwa na mbwa pia, jina lake Polisi, aliyelala barazani.

Kila mwaka Remigi alitoa vyungu sita vya ua la Pasaka vipambe altare. Ilikuwa sadaka yake. Jumatatu ya Pasaka, baada ya misa, vyungu hivyo huuzwa nje ya kanisa kwenye mnada wa parokia, pamoja na ndizi, mayai na kuku walioletwa na waumini. Mwaka huohuo wa 2019 Mwalimu Apolonia alipaza sauti kuliko wote akashinda chungu kikubwa kuliko vyote. Akakiweka sebuleni kwake, kwenye meza ndogo chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, karibu na kile kiti cha paka.

Alhamisi Shemasi akaanza kutapika. Polisi naye alikuwa ametafuna jani moja, akatapika mara moja tu, akapona. Jumapili Shemasi akafa.

Mwalimu aliumia sana. Akatafuta nani amefanya hivi. Ghalani palikuwa na sumu ya panya. Na nyumbani palikuwa na Tarsila, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akimsaidia kazi. Wiki chache kabla, paka alikuwa ameiba samaki jikoni siku ya wageni, na Tarsila akasema mbele ya watu wote, "Shemasi huyu, siku moja nitamwonyesha." Siku ile tulicheka. Baada ya kifo cha paka, hakuna aliyecheka.

Ua halikumjia mtu akilini. Lilikuwa limekaa altareni usiku wa Pasaka na limenyunyiziwa maji ya baraka. Tulikuwa tayari kumshuku jirani, kumshuku msichana, hata kumshuku nyoka. Lakini kitu kilichotoka altareni tutakishuku vipi? Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, na lilikuwa kosa la watu wanaosali.

Tarsila akafukuzwa kazi. Hakupigwa wala hakupelekwa popote. Alirudishwa tu kwa mama yake, na kwetu sisi hilo linatosha. Bombani wenzake walikuwa wakisema kwa sauti, "Ficheni kuku, Tarsila anapita." Nyumba tatu alikoomba kazi zilimkatalia.

Na kubwa zaidi ya hayo, Tarsila alitaka kuwa sista. Alilitamani jambo hilo tangu siku ya kipaimara chake. Masista walikuwa wamekubali kumpokea, mradi alete barua ya jumuiya yetu ya waumini inayothibitisha tabia yake. Kwetu barua ya namna hiyo husomwa mbele ya wanajumuiya wote, na akiwepo anayepinga haisainiwi. Mwezi wa tano ilisomwa, watu wakakataa. Wakasema, "Arudi akishatubu."

Tarsila akajibu, "Nitubu nini, ambacho sikukifanya?"

Watu wakasema, mnaona, na kiburi anacho.

Barua ingesomwa tena Jumamosi, tarehe 15 Juni, kwa mara ya mwisho. Jumatatu yake masista walikuwa wanafunga orodha.

Sasa turudi kwa Remigi na ndoo yake.

"Nitasema Jumamosi kwenye jumuiya," akaniambia.

"Baba Sabas, nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa kimbelembele cha nini? Watasema sadaka yetu ilikuwa sumu. Watasema tumeingiza kifo kanisani. Nani atanunua hata jani hapa? Paka ni paka, na ameshakufa."

"Paka ameshakufa," akasema. "Tarsila hajafa."

Nilimshauri basi aende kwa Mwalimu kimyakimya, wazungumze wawili, wamalize. Akatikisa kichwa.

"Yule binti hakusemwa kimyakimya, mama. Alisemwa mbele ya watu. Nikienda kumnong'onezea Mwalimu, nitakuwa nimejisafisha mimi tu."

Nakiri kwamba siku tatu zile sikumpikia kwa moyo mweupe. Nilimwekea chakula mezani nikageuka. Yeye alishukuru kama kawaida, akala, akaenda zake.

Jumatano na Alhamisi alizunguka kwenye zile nyumba nyingine tano zilizonunua vyungu vya altareni. Wawili walikuwa na paka. Mmoja wao alikuwa Kalisti, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu wa utani mwingi. Remigi alipomwambia autoe mmea ule nje, Kalisti alimwita mkewe kwa sauti, "Njoo umsikilize Remigi! Binadamu wamemshinda, sasa anahubiria paka." Lakini mkewe aliutoa mmea siku ileile, nilimwona mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Jumuiya ilisali nyumbani kwa huyohuyo Kalisti, barazani, saa moja asubuhi. Tulikuwa watu kama thelathini. Tarsila na mama yake walikaa benchi la nyuma kabisa. Mama yake alikuwa amejifunika kanga hadi karibu na macho. Tukasali, tukasoma Injili, tukatoa michango. Kisha Kalisti akachukua ile barua, akaisoma mbio kama mtu anayesoma tangazo la mbuzi aliyepotea.

"Mwenye neno aseme," akamaliza.

Mama mmoja mbele yangu akasema, "Neno letu mnalijua. Arudi akishatubu."

Remigi akasimama. Nilimshika shati kwa nyuma. Akautoa mkono wangu polepole, bila hasira.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," tukaitikia.

"Ndugu zangu, aliyesababisha kifo cha Shemasi ni mimi."

Watu wakaangua kicheko.

"Kwani na wewe alikuibia samaki?" Kalisti akauliza, na kicheko kikaongezeka.

Remigi akasubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri. Kelele zilipotulia akaeleza yote: mteja, simu, daktari, ua. Alipotaja ua la Pasaka, Mwalimu Apolonia aligonga sakafu kwa mkongojo wake.

"Remigi!"

"Naam, Mwalimu."

"Nilikufundisha darasa la tatu. Kaa chini. Ua lile limetoka altareni."

"Ndiyo, Mwalimu. Na kabla ya altareni lilitoka kitaluni kwangu."

"Polisi alilitafuna! Nilimwona kwa macho yangu haya. Mbona mzima mpaka leo? Sumu ikiwa sumu ni sumu kwa wote."

Watu wakaguna kukubali. Hoja hiyo ilituingia wote palepale. Mbwa na paka wameishi nyumba moja na ua moja, mmoja amekufa na mmoja yu hai. Basi ua halihusiki, mtu anahusika.

"Hata mimi ningesema hivyohivyo, Mwalimu," Remigi akasema. "Kumbe siyo. Mbwa linamsumbua tumbo likapita. Paka linamwendea kwenye figo. Shemasi alianza kwa kutapika, mate yakimtoka. Akakataa chakula. Akawa anakunywa maji kama aliyetoka safari. Halafu mkaona kama amepata nafuu, mkafurahi. Kisha akaacha kwenda haja ndogo, akalala, hakuamka."

Mwalimu Apolonia aliuegemea mkongojo wake.

"Nani amekueleza hayo? Hukuwepo."

"Amenieleza Daktari Mlay. Na yeye hakuwepo."

Nilisikia kuku wa Kalisti wakiparura nyuma ya nyumba.

Remigi akaendelea. "Nimeuza ua lile miaka kumi na tisa nikisema halina shida. Sikuwa najua, ila nilisema kama anayejua. Msichana huyu hajafanya lolote. Mkitaka kukataa barua, andikeni jina langu mlikatae. Lake liacheni."

Nilitazama chini. Nilingoja watu waanze kumshambulia mume wangu. Nilijua nani angeanza, na nilijua angesema nini juu ya sadaka yetu.

Badala yake nikasikia mkongojo. Mwalimu Apolonia alikuwa anainuka, na ilimchukua muda. Alivua miwani akaishika mkononi.

"Mwenyekiti, mwambie Remigi akae," akasema. "Yeye hakujua. Mimi niliambiwa."

Hatukuelewa.

"Ilikuwa Jumatano, siku mbili baada ya mnada," akasema. "Tarsila alinijia amempakata Shemasi, anamfuta pua kwa kitambaa kibichi. Pua ilikuwa ya njano. Akaniambia, Mwalimu, Shemasi anapiga chafya kwa ajili ya ua hili na vumbi lake analilamba, nilitoe nje? Nikamwambia, mkono wako usiguse kilichotoka altareni. Paka alipokufa akaniambia tena, Mwalimu, ni lile ua. Nikamwambia anamsingizia Mungu, asilirudie mbele ya mtu yeyote, na nikamfukuza."

Akaifuta miwani.

"Wiki saba nimekaa na maneno hayo. Nilikuwa nikiyakumbuka kila nikipita pale mezani. Lakini ua nililinunua mwenyewe, nikaliweka pale mwenyewe, karibu na kiti cha paka. Kumfukuza msichana kulikuwa kwepesi kuliko kukubali hilo. Mimi, niliyewachapa ninyi nyote kwa kusema uongo."



Alitembea hadi benchi la nyuma. Tulimpisha njia. Tarsila alipomwona anakuja alisimama wima, kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

Tangu alipofukuzwa, binti yule alikuwa akimwamkia Mwalimu kila wakikutana njiani, na Mwalimu alikuwa akipita bila kuitika. Kijiji kizima kiliona. Sasa Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba. Marahaba. Marahaba." Akaendelea kuitikia hivyo mara nyingi, machozi yakimtoka, na sisi tukaelewa kwamba anazilipa shikamoo zote alizozikalia kimya. Kisha akageuka kwetu. "Mabaya yake mliyasikia kupitia kinywa changu. Basi na hili lisikieni kwenye kinywa hikihiki. Nimemkosea mtoto huyu."

Mama yake Tarsila alishusha kanga usoni. Tarsila naye alikuwa analia, lakini akajikaza.

"Nimekusamehe, Mwalimu," akasema. "Ila samaki kweli aliiba."

Hapo ndipo baraza lilipopasuka kwa kicheko, na Mwalimu mwenyewe alicheka kuliko sote huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Kalisti alitafuta kalamu asaini ile barua. Mwalimu akaiomba aisome kwanza. Ilikuwa imeandikwa kwamba Tarsila ana tabia ya wastani. Akaichana vipande viwili. "Leteni karatasi safi," akasema. Akaandika upya palepale kwenye meza ya Kalisti, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, na watu thelathini wakasubiri kimya hadi akaweka nukta ya mwisho. Kalisti alisaini bila kusema utani wowote, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo tulitajirika. Mwezi ule wateja walipungua kweli. Wapo waliosema maua ya Remigi yana balaa. Yeye alikata mabati ya zamani vipande vidogo, akaviandika kwa rangi, akavichomeka kwenye kila chungu kilichohitaji. Lile ua la Pasaka aliliandikia: PAKA, HAPANA KABISA. Lile lenye majani mapana yenye madoa meupe, ambalo utomvu wake huvimbisha mdomo na ulimi: PAKA HAPANA, MBWA HAPANA, MTOTO HAPANA. Mshubiri, ambao sisi binadamu tunausifu kwa kila ugonjwa, nao huwaharisha na kuwatapisha paka na mbwa, akauandikia vilevile. Kila alipokuwa na mashaka alimpigia Daktari Mlay, hadi siku moja daktari akamwambia, "Remigi, utanifanya nifungue duka la maua."

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara alimcheka. "Jirani, unauza maua au unafukuza wateja?"

"Nawachambua tu," Remigi akamjibu. "Wasio na paka nawaachia wewe."

Kidogo kidogo watu walirudi, kwa sababu walijua akisema jambo amelihakikisha. Na Pasaka zilizofuata aliendelea kupeleka vyungu sita altareni. Paroko alimwambia ua halina dhambi, lisiachwe. Ila mnada ulipofika alikuwa akisimama karibu na mpiga mnada, mzee mzima na suti yake, na kutangaza, "Mwenye paka asinyooshe mkono!" Watu walicheka kila mwaka, na kila mwaka walitii.

Tarsila alipokelewa na masista. Leo anahudumia wagonjwa kwenye zahanati yao, na wanaomfahamu wanamsifu.

Mimi niliishi na mtu huyu miaka thelathini na moja. Nilimwona akilima, akiugua, akizika wazazi wake. Lakini nikiulizwa siku gani alikuwa mkubwa kuliko zote, nitasema ni ile Jumamosi aliposimama mbele ya watu waliokuwa wakimcheka, mkewe akimvuta shati, akasema jambo ambalo angeweza kwenda nalo kaburini bila mtu yeyote kujua. Sikuwahi kumwambia hivyo alipokuwa hai. Namwandikia hapa.

Funzo: Usiseme "halina shida" juu ya jambo usilolijua, maana kuna atakayelipia neno lako. Na siku utakapoujua ukweli, usiunong'one. Useme mahali palepale mwenzako alipochafuliwa jina, hata kama atakayebaki na uchafu ni wewe.

Ee Mungu Baba, mpokee mtumishi wako Remigi. Kama lipo alilolikosea na hakupata muda wa kulisahihisha, mfutie kwa huruma yako. Mpe mahali penye kivuli na maji ya utulivu, asichoke tena. Uwakumbuke pia marehemu wote wa nyumba ya huyu anayesoma ujumbe huu, wale wanaotajwa na wale waliosahaulika, uwapumzishe wote kwako. Amina.